Koti Mbele ya Kamera

Uongozi wa Kitengo cha Uchunguzi wa Kifafa unawatangazia wagonjwa, wasindikizaji, watumishi na wote wanaohusika kwamba kijiko kimoja cha chai, cha chuma, chenye mpini uliopinda kidogo, hakijaonekana katika chumba cha mapumziko tangu juzi. Aliyekichukua kwa bahati mbaya anaombwa akirejeshe. Aliyekichukua kwa makusudi anaombwa vilevile. Uongozi unasisitiza kwamba kijiko hicho ni mali ya umma.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba, usawa wa macho, na kwa kuwa ndani hakukuwa na kitu kingine cha kusomwa, Nukta, aliyemsindikiza mkewe, alilisoma kila alipotoka na kila alipoingia. Alilitafutia kosa kwa bidii ya mtu mwenye njaa. Hakulipata. Koma zilikaa mahali pake, na hata ule msisitizo kuhusu mali ya umma ulikuwa umetengewa sentensi yake wenyewe, kama inavyotakiwa. Jambo hilo halikumfurahisha. Hospitali iliyowaambia waje na shuka zao ilikuwa, kumbe, na mtu mwenye uwezo wa kuandika namna hiyo, na mtu huyo alikuwa amekabidhiwa kijiko.

Nukta halikuwa jina lake. Kiwandani kwa wapiga chapa, alikofanya kazi ya kusoma na kusahihisha kila kitu kabla hakijaingia mashineni, kuanzia vitabu vya shule hadi kadi za harusi, walimpachika jina hilo kwa sababu akishasema jambo, mazungumzo huishia hapo. Likamganda. Mkewe naye alimwita hivyo, tangu siku za uchumba, na hakuna aliyekumbuka kama mwanzoni ilikuwa mzaha.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, miguu ameinyoosha. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke ambaye mikono yake haikujua kukaa bure, na sasa mikono hiyo ililala juu ya mapaja kama ya kuazima. Kichwa kilizungushiwa bandeji nyeupe. Chini ya bandeji vilikuwa vimegandishwa kwa gundi vidude vidogo vya chuma, kila kimoja na waya wake, na nyaya zote zilikusanyika nyuma ya shingo zikateremka hadi kwenye kisanduku kilichofungwa kiunoni. Siku ya kwanza alijitazama kwenye kioo cha simu akasema amefanana na redio iliyofunguliwa na fundi asiyejua kuifunga. Ukutani, mkabala na kitanda, ilikuwapo kamera. Hiyo hakuitafutia mfano. Aliitazama mara moja, akashusha macho.

Kazi ya chumba kile ilikuwa moja tu, nayo ilimchukua Nukta muda kuiamini hata baada ya kuelezwa na watu watatu tofauti. Mgonjwa alilazwa ili aanguke. Vidonge ambavyo amevimeza asubuhi na jioni kwa sehemu kubwa ya maisha yake vilipunguzwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi. Alinyimwa usingizi. Aliwashiwa taa za kumetameta usoni, akaambiwa apumue kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima. Yote hayo yalifanywa kukibembeleza kile ambacho wawili hao walikuwa wamekikimbia tangu waoane. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuwa amezoea kuingia bila hodi, sokoni, msibani, kwenye foleni, mbele ya wateja. Leo amealikwa rasmi, ameandaliwa kitanda na mashine, na haji.

Daktari bingwa wa kifafa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyekumbuka alilala lini, alikuwa amewaeleza sababu bila kuremba. Vidonge vilikuwa vimejaribiwa vya kila aina na vimeshindwa. Lililobaki ni upasuaji, kuondoa sehemu ndogo ya ubongo ambako kifafa kilianzia. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo haikujulikana.

"Kifafa chako kinasambaa upesi mno, mama," alisema. "Mashine ya mawimbi ya ubongo inatuonyesha nyumba ikiwa imeshashika moto yote. Sisi tunataka kujua moto umeanzia chumba gani."

Ndiyo maana ya kamera. Mkono upi unakaza kwanza, mdomo unavutwa upande gani, macho yanageukia wapi: sekunde chache za mwanzo, zikipatikana katika picha na zikiwekwa sambamba na mawimbi, zingeliwezesha jopo la madaktari kusema kulia au kushoto. Bila hizo, hakuna daktari atakayeshika kisu. Nukta aliona hoja hiyo ni ya haki, na hilo peke yake lilimtia wasiwasi, maana hakuwa mtu wa kukubaliana na ofisi yoyote kwa mara ya kwanza.

Kisha daktari alimuuliza mgonjwa anatarajia nini kutokana na upasuaji. Lilikuwa swali la kawaida, wagonjwa wote huulizwa, na wengi hujibu kazi, au shule, au kuendesha gari. Mkewe alifikiri kidogo.

"Kuoga nimefunga mlango," akasema.

Daktari aliinua macho.

Ilibidi Nukta afafanue, kwa uchache. Nyumbani, mkewe akioga, mlango uliachwa wazi upana wa kiganja, na yeye hukaa nje kwenye kigoda na kitabu chake. Kila baada ya ukurasa huuliza, upo, na ndani hujibiwa, nipo. Wamemaliza vitabu vingi hivyo. Hajawahi kulalamika, na mkewe naye hakuwahi kulalamika, lakini mtu mzima anayeitikia jina lake kama mwanafunzi kila ajipakapo sabuni huchoka kwa namna ambayo haina dawa dukani.

Siku zilipita bila mgeni kubisha. Mtaalamu wa mashine, kijana mrefu aliyekaa chumba cha pili akitazama vioo vya mashine, na ambaye kila mtu alimwita Mawimbi, aliingia asubuhi kukagua nyaya na kutoka bila neno. Mapema alikuwa amempa Nukta karatasi ya maelekezo ya msindikizaji, akamfanyisha na mazoezi. Kifafa kikianza, bonyeza kitufe chekundu. Vuta shuka. Rudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Mwambie ainue mikono yote miwili, muulize jina lake, na sema kwa sauti unachokiona. Nukta aliyashika yote tangu mara ya kwanza. Alipendekeza tu kwamba kuvuta shuka kuandikwe kabla ya kurudi nyuma, kwa sababu mtu aliye ukutani hawezi kufikia shuka. Mawimbi akamwangalia, akamwambia, mzee wangu, ndivyo tulivyoandika. Ni kweli. Nukta alikuwa amesoma vibaya, jambo ambalo lilikuwa halijamtokea kwa muda mrefu, na alilihesabu kuwa ni uchovu.

Walichoka wote. Anayenyimwa usingizi lazima awe na wa kumnyima, na kazi hiyo ilimwangukia yeye. Usiku alimsimulia mkewe vitabu alivyosahihisha, na ikatokea mara mbili kwamba yeye ndiye aliyesinzia katikati ya sentensi na mgonjwa ndiye aliyemwamsha.

Dada wa mkewe, muuza vyombo vya nyumbani, mwanamke wa sauti pana na mifuko mingi, alikuja saa ya wageni na chakula ambacho hakuna aliyekuwa na hamu nacho. Alisimama mlangoni akamkagua Nukta kutoka juu hadi chini.

"Shemeji, wamekupokea hawa. Bado gauni lao tu, uwe mgonjwa kamili."

Nukta alisema gauni halina mifuko.

"Hajaanguka?" akauliza Dada, akiketi.

Bado, wakamwambia.

"Tazameni mambo. Siku nilipowakaribisha wakwe kwangu kwa mara ya kwanza, nimetandika, nimepika, nimevaa, huyu hakuombwa na mtu. Chini, puu, juu ya zulia la kuazima. Leo anaombwa na mabingwa, na mashine, na serikali nzima, anaringa."

"Dada, usinichekeshe," mkewe alisema, ameshika bandeji kwa mikono miwili. "Zikichomoka hizi tunaanza upya."

Alicheka hata hivyo, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza chumbani humo.

Kuna jambo ambalo hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyelizungumza wakati huo, ingawa lilikaa nao kama mtu wa nne. Miaka ya mwanzo ya ndoa yao, mkewe aliangukia kwenye foleni ya ofisi ya maji. Watu walifanya wanavyofanya: wakaachia nafasi, wakasimama mbali ili pumzi yake isiwapate, wakasubiri kuona. Mmoja aliinua simu akarekodi. Picha ile ilitembea kutoka mkono hadi mkono, jioni ikafika kwenye simu ya Dada, ambaye aliifungua akidhani ni kichekesho, kwa sababu ndivyo ilivyoitwa alipoletewa. Gauni lilikuwa limepanda, mate yanatoka, na nyuma kulikuwa na sauti ya mtu anayecheka. Mkewe alidai aone. Alitazama hadi mwisho, akarudisha simu, akaenda kuketi kwenye cherehani bila kushona. Kesho yake alimwambia Nukta kwamba hamwombi amponye, wala asimwombee, wala asimtafutie waganga.

"Nikianguka, nifunike," alisema. "Basi. Watu wasinione."

Nukta si mtu wa ahadi nyingi. Hiyo aliitimiza. Koti lake la kazini, la kahawia, alilivaa hata jua likiwaka, na wenzake wakafikiri ni mtu wa baridi. Mkewe akianguka, koti lilikuwa juu yake kabla kichwa hakijatua vizuri. Humlaza ubavu, humlinda kichwa, kisha hugeuka, hupiga goti, huwapa watu mgongo mpana wa mume na kuwaangalia mmoja mmoja juu ya bega hadi waone haya. Alikuwa stadi. Mazoea yana taabu, husemwa, lakini taabu ya mazoea haionekani mpaka siku yanapotakiwa kuachwa.

Mgeni alikuja alasiri, saa ya wageni, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Muuguzi, ambaye wote walimwita Sista, alikuwa ametoka punde na trei yake. Nukta alikuwa kwenye kiti, macho mazito, koti limetundikwa mgongoni mwa kiti. Mkewe aliinua pua kidogo.

"Nani ameacha pasi?" akauliza.

Hakukuwa na pasi. Hilo ndilo lililokuwa neno lake siku zote. Kabla ya kuanguka hunusa nguo inayoungua, na yeye, fundi, kila mara huamini kuna mtu ameacha pasi juu ya kitambaa cha mteja. Nukta alisimama. Alijua. Kitufe chekundu kilikuwa upande wake wa kulia, umbali wa mkono, na maelekezo yote yalikuwa kichwani mwake, safi, kwa mpangilio wake sahihi.

Mlangoni alikuwa amesimama bwana asiyemjua, mgeni wa chumba kingine, mkononi ana mfuko wa machungwa. Alikuwa akisoma tangazo la kijiko. Alilimaliza, akainua macho kutoka kwenye karatasi, akatazama ndani.

Baadaye Nukta hakuweza kusema aliamua wakati gani, kwa sababu hakuamua. Mguu wa kitanda ulianza kugonga sakafu, na koti lilikuwa tayari limekwisha toka kwenye kiti. Alilitupa, akamgeuza mkewe ubavu, akapanda goti moja kitandani, akampa bwana wa machungwa mgongo huku akimkazia macho juu ya bega, na kamera nayo akaipa mgongo huohuo, kwa kuwa mlango na kamera vilikuwa upande mmoja. Kutoka kwenye kipaza sauti cha darini sauti ya Mawimbi ilisema, mzee wangu, toka kwenye picha. Nukta alilisikia neno picha. Alishika koti kwa ncha zote mbili akalitanua zaidi.

Sista alipofika mbio na Mawimbi nyuma yake, ilibidi wamwondoe kwa mikono. Hakubisha. Alisimama ukutani, mgongo umegusa, kama alivyoelekezwa.

Kifafa hicho kilikuwa kirefu, na jioni kikafuata kingine kikali zaidi, wakati mgonjwa yuko mbioni kupelekwa kupigwa picha nyingine ya kichwa, nje ya chumba na mbali na kamera. Daktari bingwa akaamuru vidonge virudishwe vyote. Hakuna tena kubembeleza. Mgeni aliyeombwa aje alikuwa sasa anatishia kutoondoka.

Asubuhi yake daktari alimwita Nukta kwenye chumba cha vioo. Mawimbi aliketi mbele ya mashine, hakugeuka. Daktari hakukaripia. Alionekana amechoka mno kukaripia, na Nukta angependelea akaripiwe.

Walimwonyesha. Upande mmoja wa kioo mistari ya mawimbi ilitambaa kwa utulivu, kisha ikaruka yote kwa pamoja, juu hadi chini, nyumba imeshika moto. Upande wa pili ulikuwa chumba: mkewe anainua pua, midomo yake inatamka jambo, halafu pazia la kahawia linapita, na baada ya hapo hakuna kitu ila mgongo. Mgongo wa mzee mmoja, shati limetoka kwenye suruali, umesimama imara dhidi ya ulimwengu. Ulikaa hapo muda wote uliohitajika.

"Shati lako limeachia mshono wa begani," daktari alisema. "Picha ni safi kiasi hicho."

Nukta alisema mkewe ataushona.

Daktari alivuta kiti, akaketi mkabala naye. Alisema jopo linakutana mchana, na kwamba mara chache, ikikosekana picha, hukubali kusikiliza maelezo ya shahidi aliyekuwa karibu, maadamu ni ya uhakika. Alisema amesikia kwamba mzee ni mtu wa kazi ya macho. Hakuna jicho lililokuwa karibu zaidi ya lake.

"Ulianza mkono gani?" akauliza.

Nukta alifungua mdomo. Alitafuta ndani ya kichwa chake kama mtu anayefungua droo anayoijua, akaikuta tupu. Aliona bwana wa machungwa: shati la mistari, masharubu, chungwa moja limetoboa mfuko. Alirudi nyuma, kwenye foleni, sokoni, msibani, kwenye zulia la kuazima la Dada. Kila mahali aliona nyuso za watu, wazi, angeweza kuzieleza moja moja. Mkewe hakumwona popote. Alikuwa nyuma ya kisogo chake, chini ya koti.

"Mmeishi pamoja muda gani?" daktari aliuliza, kwa sauti ileile ya chini.

"Mrefu."

"Na ameanguka mbele yako mara nyingi."

"Nyuma ya kisogo changu," Nukta alisema.

Mawimbi aligeuka sasa. Ilimjia Nukta kwamba majibu yalikuwa mawili tu, na kwamba mtu akichagua moja anayo nusu nzima ya uwezekano wa kuwa sahihi, ambayo ni nafasi nono kuliko nyingi walizowahi kupewa. Angesema kushoto. Angesema kwa sauti yake ya kiwandani, na mazungumzo yangeishia hapo. Jopo lingeandika, kisu kingeandaliwa, na mahali fulani mbele kungekuwa na mlango na komeo. Au kungekuwa na mwanamke aliyekatwa upande usiohusika. Maisha yake yote alikuwa amewadharau watu wanaokisia neno wasilolijua badala ya kuliacha wazi na kuuliza.

"Sijui," akasema.

Alipoingia chumbani, mkewe alikuwa macho, amelala ubavu, ulimi umevimba kwa kujing'ata. Bandeji ilikuwa imekaa upande. Alimtazama akivuta kiti.

"Ulibonyeza?"

"Hapana."

Aliigusa bandeji iliyokaa upande. "Ulinifunika."

"Ndiyo."

"Kwa koti hilo?"

"Hilo."

"Lina vumbi hilo koti, Nukta," alisema, akafumba macho, na kwa muda Nukta akadhani amelala. Kisha akauliza nani alikuwa mlangoni, akaambiwa ni mtu na machungwa yake. Akauliza kuhusu kamera.

"Niliizuia pia."

"Kamera nilishaikubali. Nilikaa na hilo jicho siku zote hizi, nikala nalo, nikajikuna mbele yake. Nikajiambia, wanione, waone kila kitu, nimalizane nao." Hakuinua sauti. Hakuwa na sauti ya kuinua.

Nukta alimweleza yaliyobaki, swali la daktari na jibu lake, bila kujipunguzia. Mkewe alisikiliza. Nukta alipofika kwenye neno sijui, mkewe alifumbua macho.

"Kwani hujawahi kuona?"

"Uliniambia nikufunike."

"Nilisema watu wasinione," alisema polepole, maana kila neno lilipita kwenye kidonda. "Wewe sikukuhesabu katika watu."

Nukta, aliyekuwa na sifa ya kumaliza mazungumzo, aliona kwa mara ya kwanza jinsi inavyokuwa upande wa pili. Mkewe alinyoosha mkono, si kwake, bali kwenye kikombe. Nukta akamsogezea, mkewe akanywa, akakirudisha. Baada ya hapo alilala kwelikweli.

Mchana Mawimbi alikuja na chupa ya dawa ya kulainisha gundi, akachomoa vidude kimoja kimoja kwa upole uliomshangaza Nukta, akavikusanya katika bakuli. Alinong'ona kwamba daktari ameingia kwenye jopo kuomba kitanda kiongezwe siku, au waitwe tena mapema, na kwamba anawajua wale wakubwa, hivyo wasiweke roho juu. Mkewe alimshukuru akasema roho yake imezoea kukaa chini. Nywele zilikuwa zimegandamana madongemadonge. Aliomba aoge.

Bafu lilikuwa mwisho wa ukumbi, nalo halikuwa na komeo kabisa. Palikuwa na tundu nne za skrubu mahali ambapo komeo liliwahi kuwa. Nukta aliweka kiti nje, akaacha mlango wazi upana wa kiganja, akaketi kama alivyozoea, uso ukielekea kwa wapita njia. Alikaa hivyo dakika kadhaa. Kisha akainuka, akageuza kiti, akaketi akiukabili mlango.

Kupitia ule upenyo aliona bega, mvuke, mkono ukisugua utosi. Ulikuwa mkono wa kulia. Haikusaidia kitu.

"Mbona huulizi?" mkewe akasema kutoka ndani.

"Nakuona."

Maji yaliendelea kumwagika. "Basi rudishia kidogo," alisema. "Kuna baridi."

Akarudishia, si sana.

Jioni Sista aliwakuta wamefunga mizigo, Dada amekuja na mifuko yake, mkewe amefunga kitambaa kichwani. Daktari bingwa alisimama nyuma ya Sista, mikono kwenye mifuko ya koti jeupe, macho sakafuni, akiwa na sura ya mtu aliyesema yote aliyokuwa nayo mahali ambapo hayakusikilizwa. Dada aliuliza kama kuna heri. Sista alisema ana uamuzi wa jopo, na kwa kuwa ni wa maandishi lazima ausome kama ulivyo. Akakohoa, akasoma.

Jopo, baada ya kulijadili suala hili kwa kina, limeridhika kwamba kumbukumbu ya picha haitoshelezi, na limeamua kuahirisha uamuzi kuhusu upasuaji hadi itakapopatikana kumbukumbu inayotosheleza. Mgonjwa aruhusiwe kurudi nyumbani na aendelee na vidonge vilevile kwa kipimo kilekile, ambavyo jopo linatambua kwamba havijamsaidia. Ili kuzuia tukio kama hili kujirudia, kuanzia leo msindikizaji hataruhusiwa kuwamo ndani ya chumba cha uchunguzi kwa sababu yoyote. Kwa usalama wa mgonjwa, aidha, jopo linakumbusha kwamba mgonjwa yeyote asiye na msindikizaji ndani ya chumba hatapokelewa. Mgonjwa ataitwa kulazwa tena mara masharti hayo mawili yatakapokuwa yametimizwa kwa pamoja.